Mama Konstantini Hataki Abiria

Jirani yangu Evangelina hapendi kusaidiwa kabla hajaomba. Mimi pia sipendi, na labda ndiyo sababu tumeelewana miaka yote hii hapa Nakwa, Babati mjini, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na uzio wa michongoma wenye pengo ambalo hakuna mume aliyewahi kuruhusiwa kuliziba. Alizaliwa Dareda, akaolewa hapa mjini na Apolinary Boay, na tangu alipomzaa mtoto wao wa kwanza kila mtu anamwita Mama Konstantini. Ni mimi tu ninayemwita Evangelina, hasa nikiwa nimekasirika. Yeye ananiita Mama Melkiadi hata tukigombana, maana alilelewa vizuri kuliko mimi.

Nataka kueleza jinsi yeye na mumewe walivyonunua baiskeli. Najua baiskeli si habari katika mji huu, kila nyumba inayo au iliwahi kuwa nayo. Lakini hii ilikuwa ya watu wawili, siti mbele na siti nyuma, na mji mzima ulikuwa na maoni juu yake kabla haijatoka dukani.

Apolinary alikuwa muuza maziwa wa baiskeli. Asubuhi alipanda Bagara, akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya maziwa, akayafunga madumu kwenye keria kwa mipira, akashuka nayo mjini kwenye migahawa. Mchana alinyonga baiskeli hiyo hiyo hadi shambani kwake Singe. Sikumbuki kumwona mtu huyu akitembea kwa miguu, labda kutoka mlangoni mpaka chooni. Na alikuwa msemaji! Alijua ng'ombe wa nani amezaa, binti wa nani amechumbiwa, na mahindi ya nani yamewahi kutoa mbelewele. Ukitaka habari za Babati ulikuwa unanunua maziwa.

Kisha macho yakaanza kumtupa. Kwanza aligonga lango la watu akalilaumu lango. Baadaye akamwaga maziwa yote mtaroni akamlaumu mwenye pikipiki. Alipokubali kwenda hospitali akaambiwa ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, kilichokwisha kuondoka hakirudi. Na kilichobaki nacho kikaondoka kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akamwuliza mkewe kama kumekucha. Macho yenyewe yalibaki safi tu. Ukikaa naye ungeapa anakutazama.

Aliuza baiskeli yake mwenyewe bila kumwambia mtu, akaingia ndani, akakaa. Hapo ndipo watu waliponiudhi. Walikuja kumpa pole, jambo zuri, lakini wakishasema pole walimgeukia Evangelina na kumwuliza, "Mzee anakula vizuri? Analala?" Mzee mwenyewe yupo pale pale, masikio yake mazima, akisikiliza anavyosemwa. Mwanzoni alikuwa anajibu. Baadaye akaacha. Mume wangu Sosthenes alichukua shamba la Singe kulima kwa nusu kwa nusu, na Apolinary hakuuliza hata limepandwa nini.

Siku moja Evangelina alipita kwenye pengo la uzio, akakaa jikoni kwangu bila kusema hodi. Aliniambia, "Mama Melkiadi, jana nimemwambia nguruwe wetu amezaa. Amesema sawa. Nikamwambia nguruwe amewalalia watoto wake wamekufa. Akasema sawa. Nguruwe hajazaa kabisa."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake.

"Akikaa humo ndani mwaka mwingine," akasema, "nitakuwa mjane na mume wangu yuko hai."

Hakuwa amekaa bure. Alijaribu kumwita wa bodaboda ampeleke Singe, lakini kila safari ni hela, na Apolinary alikataa mara ya pili kwa kuwa kijana alimshusha na kumwambia mkewe, "Mama, mzigo wako huu hapa." Kumshika mkono watembee wapite mjini, hilo hakutaka hata kulisikia. Migahawa ile yote ilimjua akiwa juu ya baiskeli. Konstantini, ambaye anafanya kazi Arusha, akapiga simu na akili yake ya kisomi: mama alijua kuendesha tangu usichana, basi anunue baiskeli ya kawaida yenye keria imara, ampakie baba nyuma.

"Keria ni ya gunia," Apolinary alijibu kutoka chumbani. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki ile. "Nimepakia magunia tangu ujana wangu. Najua yanavyokaa."

Basi Evangelina akaniambia kuna kitu amekiona kwa Bushiri. Bushiri ana duka la vitu vya mtumba karibu na barabara kuu, vitanda, majokofu, viti vya ofisi, chochote kinachoshuka na kontena. Alikuwa na baiskeli za watu wawili, tena mbili, zimekaa pale muda mrefu kwa sababu hakuna aliyejua zinunuliwe za nini. Evangelina aliuza mbuzi na mahindi kidogo, akamwambia mumewe wanakwenda kuangalia tu, akaja kunichukua. Sijui alimshawishije kutoka nje. Aliniambia alimtishia kwamba atanunua mwenyewe na atanunua mbovu.

Tulikwenda kwa bajaji. Bushiri alitupokea vizuri, shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo na wewe mama, akafuta vumbi kwa kitambaa.

"Ninayo ya kijani na ninayo ya harusi," akasema.

Ya harusi ilipakwa rangi nyeupe na kufungwa maua ya plastiki, maana kuna ukumbi uliwahi kuikodi maharusi wapigie picha. Ya kijani ilikuwa vile vile ilivyoshuka kwenye kontena, nzito, cheni kavu, jina la kiwanda limefutika.

"Jaribuni ya kijani kwanza, ndiyo mtaipenda ya harusi," Bushiri akacheka. Akaisogeza uani, akaishikilia, akasema kama ambavyo yeyote angesema, "Baba mbele, mama nyuma."

Bushiri hakuwa amejua. Nimeshasema macho yale yalikuwa safi. Apolinary alinyoosha mkono, ukakuta usukani, na nikaona uso wake ukibadilika. Ningempiga mtu ambaye angemwambia auachie. Akarusha mguu juu ya bomba, akakaa kwenye siti ya mbele, mgongo umenyooka, akaweka mguu kwenye pedeli. Evangelina alinitazama. Nami nikamtazama. Pale palikuwa na wauzaji, wateja, wapiga debe na mafundi, na mwanamke aliyelelewa Dareda hawezi kusimama mbele ya watu hao akamtangaza mumewe kuwa haoni. Akapandisha kitenge chake, akapanda nyuma. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Wakaondoka. Na walikwenda vizuri! Hilo ndilo lililoniuma. Uani pale kulikuwa na nafasi, na kwa muda kidogo walikwenda sawa kabisa, Apolinary amenyanyua kidevu, Evangelina nyuma yake akinong'ona, "Nyooka. Nyooka. Kushoto kidogo. Kushoto, Baba Konstantini. Kushoto!"

Wakaingia kwenye magodoro. Duka la jirani lilikuwa limeyapanga nje moja juu ya jingine, na yote yakawashukia. Namshukuru Mungu yalikuwa magodoro na si vioo vya kabati vilivyokuwa pembeni. Watu walicheka, nami siwalaumu, ilikuwa inachekesha. Bushiri akakimbia kuwanyanyua.

"Baba, hukuyaona magodoro?"

Apolinary alikuwa amekaa juu ya godoro, anapapasa kandambili yake. Akanyoosha kola ya shati kwanza.

"Sikuyaona," akasema. "Hata wewe sikuoni. Sioni kitu, kijana wangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema kwa mdomo wake. Siku zote alisema macho yanamsumbua. Kicheko kikakatika pale uani, na Evangelina akaipata kandambili, akamvisha mguuni kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Baada ya hapo Bushiri akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Alianza kumwambia Evangelina kila kitu na kumruka mzee. Akaleta ile ya harusi. Nyepesi, mama. Matairi mapya, mama. Fremu yake chini imeinama, mtu anapanda bila kunyanyua mguu. Na bei yake ilikuwa chini kuliko ya kijani, kwa sababu ukumbi ulishaitumia ikarudisha hela yake. Waliokuwa pale wote wakasema hiyo ndiyo inayowafaa wazee. Hata mimi nilianza kuitazama kwa jicho zuri.

Evangelina alimshika mumewe mkono, akauweka kwenye cheni ya ile ya kijani.

"Nishikie hapa, uniambie."

Aliutoa mkono. Akaurudisha. Vidole vikaanza kwenda vyenyewe kwenye cheni, vikafika kwenye pedeli, akaitikisa kulia na kushoto. "Gololi za hapa zimelika," akasema. "Cheni itapona kwa mafuta." Akazungusha gurudumu la nyuma, akatega sikio. "Rimu inasugua mahali. Matairi ni mazuri."

"Matairi yamepasuka ubavuni, yote mawili," Evangelina akasema. "Wewe umeshika juu tu."

"Basi apunguze bei ya matairi."

"Na breki ya mbele?"

"Ikaze tuone."

Mkewe akaikaza, yeye akasukuma, gurudumu likagoma. Wakabishana kidogo kuhusu ile ya nyuma, yeye akisema waya umeoza ndani, Evangelina akisema haujaoza, umechomoka tu, huu hapa ameushika. Nilisimama pale nikiwasikiliza wakibishana na nikakumbuka nguruwe ambaye hakuzaa. Bushiri alitaka kuingilia, nikamkanyaga.

Kisha Apolinary akaomba aonyeshwe ya harusi. Huko mikono yake haikupata kosa. Matairi yalikuwa magumu, cheni inateleza, gololi kimya. Akafuata fremu mpaka nyuma, akainama kutafuta pedeli ya siti ya nyuma. Hakukuwa na pedeli. Kulikuwa na kipande cha chuma kilichochomelewa, cha kuwekea miguu, kwa sababu bibi harusi alikuwa na gauni na gauni na cheni havipatani. Akakishika kile chuma kwa muda.

"Tuchukue hii," akasema. "Ni nzima, na ni rahisi."

Aliisema kwa sauti ile ile ya "sawa". Nilijua, na Evangelina alijua.

"Pedeli za nyuma zinaweza kurudishwa?" Evangelina akamwuliza Bushiri.

"Hapana mama, walikata na mhimili wake. Lakini za nini? Mzee ataweka miguu yake hapa, atulie, ale upepo."

"Na mimi ninyonge peke yangu mpaka Singe?"

"Ni nyepesi mno, mama."

"Mimi sitaki abiria," Evangelina akasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na wapiga debe. "Abiria wamejaa stendi. Ningetaka abiria ningewachukua kule nikalipwa. Ninatafuta mtu wa kunyonga na mimi. Kile kilima cha kurudi kutoka shambani nakijua, sikiwezi peke yangu." Akamgeukia mumewe. "Wewe unakiweza?"

Apolinary alikuwa bado anapapasa kile chuma.

"Nimekuuliza, Baba Konstantini."

"Nilikuwa nakiweza na gunia la mahindi nyuma."

"Sijauliza ulikuwa."

Akavuta pumzi. "Nakiweza."

Mama mmoja aliyekuja kununua sufuria akasema pembeni yangu kwamba mwanamke huyu hana huruma, anamtesa kipofu. Nilimwambia aendelee kuchagua sufuria. Walinunua ya kijani, ikala hela yote iliyokuwa kwenye pochi ya Evangelina, na Bushiri, nimpe haki yake, akaongeza matairi mawili yaliyotumika bila kudai zaidi. Tuliisukuma kwa miguu mpaka Nakwa, Apolinary ameshika siti ya nyuma. Alipita mbele ya migahawa yake yote. Watu wakamwamkia, naye akaitikia marahaba huku na huku bila kujua nani ni nani.

Palikuwa bado na habari ya suruali. Siti ya mbele ya baiskeli ile ina bomba la juu, ya kiume kabisa, na huwezi kulivuka na kitenge bila kuwapa watu sinema. Nilimpa Evangelina suruali ya michezo ya mwanangu Melkiadi. Aliivaa chini ya sketi, akaona sketi inaingia kwenye cheni, akaivua sketi. Wenzetu wa jumuiya wakazungumza. Mmoja alikuja kuniuliza kwa upole kama Mama Konstantini yuko sawa kichwani siku hizi. Nikamwambia yuko sawa, ila ana haraka.

Walijifunza jioni kwenye uwanja wa mpira, vijana wakishamaliza kucheza. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Apolinary, aliyenyonga peke yake maisha yake yote, alitaka kuamua mwendo. Kila akisukuma, Evangelina mbele anapelekwa asikotaka, maana pedeli za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja, mmoja akienda na mwingine anakwenda. Walipiga kelele mpaka mbwa wakaja. Baada ya jioni kadhaa wakaanza kuzunguka uwanja wote bila kuweka mguu chini, na Evangelina akasema sasa tutoke barabarani.

Kutoka uwanjani kuna njia inayoshuka kuelekea kwetu, si kali, lakini ina changarawe. Nilikuwa nimesimama chini nawangoja. Baiskeli ilipoanza kuchukua kasi, Evangelina akapaza sauti amtahadharishe mwenzake:

"Tunashuka!"

Naye akashuka. Mtu aliyepanda na kushuka baiskeli tangu ujana wake, ameambiwa tunashuka, alirusha mguu wake pembeni akashuka kweli kweli, baiskeli ikiwa kwenye mwendo. Aliburutwa, akaachia, akaangukia magoti na viganja. Evangelina alikwenda na baiskeli mpaka kwenye shamba la migomba la watu.

Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha, lakini damu ni damu. Watu walijaa. "Mama amemwangusha mzee." Habari ilifika Arusha kabla hatujamaliza kumwosha magoti, na Konstantini akapiga simu kusema kitu hicho kiuzwe kesho, baba si mtoto wa kuchezewa. Apolinary aliingia ndani akafunga mlango. Jioni ile hakula, na kesho yake hakutoka. Evangelina aliiweka baiskeli ukutani akaifunika turubai, na nilimwona akisimama hapo akiwa amelishikilia turubai asiliachie. Nilihisi vibaya sana. Nilidhani yamekwisha.

Nilikuwa nachuma mboga karibu na uzio nilipowasikia. Sauti ya kwanza ilikuwa yake Apolinary.

"Niambie ukweli. Umenichoka?"

"Nini?"

"Ulisema tushuke, nikashuka, na wewe hukusimama. Mtu hamwambii mwenzake ashuke halafu asisimame."

"Mimi nimesema tushuke?"

"Umesema tunashuka!"

"Si tulikuwa tunashuka!"

"Ndiyo, nikashuka!"

"Kilima, Baba Konstantini! Tulikuwa tunashuka kilima!"

 Mimi huku nimeshika mdomo kwa mboga zote mbichi nilizochuma, na sikuweza, nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasikia mwingine anacheka upande wa pili, sauti nzito yenye kukwaruza, na ilinichukua muda kuelewa ni nani, kwa kuwa nilikuwa nimeisahau.

"Mama Melkiadi," Apolinary akaita, "ukimaliza kusikiliza njoo unywe chai."

Nilipita kwenye pengo. Tulikunywa chai na tukagawana maneno upya. Kushuka kilima kungeitwa mteremko, na kupanda kungeitwa mlima, hata kama ni kituta tu. Kushuka kwenye baiskeli ilikuwa kazi zaidi. Evangelina alipendekeza simama, mumewe akasema simama anaweza kusimama juu ya pedeli, anajijua. Mwisho akasema neno ni tua, kama mtu anavyotua mzigo. Ukisikia tua, miguu yote chini. Na neno shuka lisitamkwe kabisa juu ya baiskeli ile, hata kwa kuomba Mungu.

Kisha akamwambia mkewe, "Nitolee turubai lile. Gololi za pedeli ya nyuma hujabadilisha."

Konstantini alipopiga tena, ni baba yake aliyeipokea simu. Sikusikia yote. Nilisikia "baiskeli yangu", na nilisikia "uliza kwanza, ndiyo useme".

Siku waliyokwenda Singe sisi tulikuwa tumetangulia, mimi na Sosthenes, tunapalilia maharage yaliyo katikati ya mahindi. Evangelina hakuwa ameniambia kama wangekuja. Alisema tu tukiona watu tusishangae. Baadaye alinisimulia njia yote. Mjini waliamkiwa mpaka akachoka, kwa sababu mumewe alitaka kujua kila aliyeamkia ni nani na amevaaje. Karibu na stendi vijana walipiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Oya, mzee anabebwa!" Evangelina alisikia pedeli zikisita chini ya miguu yake. Akaniambia hiyo ndiyo sehemu aliyoiogopa kuliko malori. Kisha pedeli zikaja kwa nguvu, baiskeli ikaruka mbele, karibu amgonge muuza miwa, na ikawa kazi yake kushika breki mpaka walipotoka kwenye lami.

Sisi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mvumo wa changarawe, halafu sauti ya Apolinary: "Mteremko umeisha? Mbona hunyongi? Nyonga, mama, tunalala hapa?" Wakatokeza kwenye kona ya mahindi, Evangelina mbele ametoa macho, kitambaa kichwani kimekwenda upande, na yeye nyuma ameketi wima, shati limelowa jasho mgongoni na kifuani.

"Tua!" Evangelina akasema, na miguu yote minne ikafika chini pamoja.

 Evangelina alikuwa anahema, ameinamia usukani. Sosthenes wangu ana moyo mzuri. Alitupa jembe, akakimbia kibandani, akarudi na kigoda tunachokalia tukila, akamshika Apolinary kiwiko kwa mikono yote miwili.

"Pole sana mzee, pole. Kaa hapa kivulini. Pole na safari."

Apolinary aliutoa mkono wake taratibu.

"Kigoda mpe mama," akasema. "Amechoka. Mimi nionyeshe mahindi yanapoanzia."

Sosthenes akabaki amekishika kile kigoda, ananitazama mimi nimwambie la kufanya. Nilimwonyesha kwa kidevu. Akampelekea Evangelina, na Evangelina akakitazama kwanza kana kwamba hajui kinatumikaje. Tangu mumewe aingie gizani sikuwa nimemwona mtu akimwambia kaa. Akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, machozi yanamtoka na hayafuti.

Apolinary alikuwa ameshaingia kwenye mstari wa kwanza, mkono mmoja begani kwa Sosthenes, mwingine unapapasa majani, anauliza kwa nini mahindi yamesongamana hivi, nani amekufundisha kupanda hivi, na mbolea ulitia lini. Nilimimina maji kwenye kikombe nikampelekea Evangelina. Akaukataa mkono wangu, akasema ningoje kidogo, anataka kusikia mume wangu anavyofokewa.